Nimemaliza Jumamosi sita za darasa la serikali ya Marekani pale Area C Dodoma, maoni yangu haya hapa

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata na nitasema kwanini, ila nianze na kilichonipeleka.

Mimi ni mhasibu msaidizi, kazi yangu iko Mtumba, na jioni nasoma digrii ya utawala wa umma. Semista iliyopita nikapata sapu ya serikali linganishi. Swali lililoniangusha lilikuwa jinsi Bunge la Marekani na Rais wanavyodhibitiana, na nilikuwa nimelikariri kabisa, maana kuna tuisheni nyingine nilisoma kabla ya hapo wakatupa karatasi moja yenye mistari kumi na mbili, Rais ana kura ya turufu yaani anaweza kukataa muswada, Bunge lina mamlaka ya fedha, Seneti inathibitisha uteuzi, shika hivyo hivyo uandike hivyo hivyo. Nikaandika. Nikapata 6 kati ya 20. Nikamfuata mhadhiri na karatasi yangu mkononi, akaisoma tena mbele yangu akasema dada, umeniambia vizuri nani ana nini, hujaniambia mmoja akikataa mwenzie anafanyaje. Iliniuma ila alikuwa sahihi, nilipojaribu kumjibu pale pale nikajikuta sina la kusema.

Kwahiyo nilivyosikia kuna kituo Area C kinafundisha mada hii peke yake kwa Jumamosi sita nikalipia siku hiyo hiyo. Ada sh. 60,000, kitini sh. 2,500 unalipa pembeni, saa nane mchana mpaka saa kumi na nusu. Chumba kipo ghorofani juu ya duka la steshenari, viti vya plastiki, ubao mweupe, feni moja. Tulikuwa kumi na nne, vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wengine wafanyakazi kama mimi, askari mmoja mstaafu, na mama mmoja wa Nkuhungu ana shamba la zabibu, yeye hana mtihani wowote, alisema amechoka kusikia habari za Marekani kwenye redio bila kuelewa wanagombania nini. Mwalimu ni mtu mzima wa huku huku kwetu, anaingia anatusalimia kwa Kigogo, Mbukwenyi, halafu anaanza, hana mambo mengi.

Jumamosi ya kwanza hatukuandika kitu. Mwalimu alikuja na mfuko wa vizibo vya soda na mabakuli mawili ya plastiki, la kijani na jekundu. Akatupanga, mmoja awe Rais, wanne Seneti, tisa Baraza la Wawakilishi, ndo mabaraza mawili ya Bunge lao, mimi nikawa Wawakilishi. Muswada wenyewe ulikuwa serikali ichimbe visima vitano vijijini. Tukapiga kura, kila mtu anaweka kizibo chake, kijani tano jekundu nne, umepita. Seneti tatu kwa moja, umepita. Tukampelekea Rais, kijana mmoja wa UDOM mpole sana, akaandika HAPANA kwa maka peni na sababu zake mbili chini, akaturudishia. Mwalimu akatuuliza, haya, mmoja amekataa, mnafanyaje?

Tukadhani tunarudia kura yetu ya tano kwa nne tunamshinda. Akaandika ubaoni theluthi mbili, na kila baraza kivyake. Theluthi mbili ya tisa ni sita, kwahiyo tulikuwa tunamtaka mtu mmoja tu avuke aje kwetu. Mama wa zabibu alikuwa kwenye wale wanne waliokataa, tukamzunguka, mama tusaidie, visima hivi hata kwenu vinafika, akaanza kutabasamu tukajua tayari. Sasa yule Rais mpole akainuka akamwita mama pembeni kule mlangoni wakaongea kama dakika mbili hivi, mama akarudi akakaa, akachukua kizibo chake akakiweka kwenye bakuli jekundu. Tano kwa nne tena. Muswada ukafia pale, na Seneti ambao walikuwa na tatu zao zinazotosha wala hawakupata nafasi ya kupiga. Tulivyomuuliza mama akasema Rais kamwambia ukinishika mkono leo, muswada wako wa barabara ya kutolea zabibu ukifika kwangu nausaini.

Mi nilikaa nikaangalia yale mabakuli nikaona nimeelewa kitu ambacho ile karatasi ya mistari kumi na mbili haikunipa. Rais hahitaji kulishinda Bunge zima. Anahitaji theluthi moja na mtu mmoja juu yake, na kwenye baraza moja tu lolote. Baada ya hapo mwalimu akatuwekea namba zenyewe: Wawakilishi wako 435, Seneti 100, kwahiyo wakipiga wote kulipindua katazo la Rais zinahitajika kura 290 kule na 67 huku, maana yake wawakilishi 146 wakimshikilia Rais inatosha, au maseneta 34 tu. Ndo maana Franklin Roosevelt alikataa miswada 635 kwenye miaka yake kumi na mbili Ikulu na Bunge likafanikiwa kumpindua mara 9 tu. Obama alikataa 12, akapinduliwa mara 1, Septemba 2016, ile sheria ya kuruhusu familia za waliokufa kwenye mashambulizi ya Septemba 11, 2001 waishtaki Saudi Arabia, Seneti ilipiga 97 kwa 1, pale hakuna wa kumwita mlangoni.

Na kinyume chake kipo pia. Andrew Johnson, aliyeshika nafasi baada ya Lincoln kuuawa 1865, alipinduliwa mara 15, hakuna Rais aliyewahi kufikia hiyo, na katiba ilikuwa hii hii ya 1787. Tofauti ni kwamba wapinzani wake walikuwa wameshajaza theluthi mbili kwenye mabaraza yote mawili. Hapa ndo nilipoanza kubadilisha ninavyolisoma hili somo zima, yaani mamlaka yaliyoandikwa ni yale yale miaka yote, kinachobadilika ni nani amekaa na kura ngapi siku hiyo, na kama ana nia ya kuzitumia.

Sasa nije kwenye hela maana hapa nilikuwa nyumbani. Jumamosi ya pili na ya tatu zote zilikuwa za fedha. Sisi tunaofanya malipo tuna neno letu, kifungu hakina hela. Bosi anaweza kuja amesimama mbele ya meza yako, safari ni ya haraka, barua imesainiwa na kila mtu, ila kama kifungu hakina hela basi hakina, mfumo haukubali. Mwalimu akasema katiba ya Marekani inasema hivyo hivyo kwa Rais wao, hela haitoki hazina mpaka sheria ya Bunge iseme itoke. Halafu akatuuliza, kwahiyo Rais akitaka hela na Bunge likakataa, anafanyaje? Na kujibu akachukua kisa kimoja tu akakaa nacho Jumamosi mbili, ukuta wa mpakani na Mexico.

Nakisimulia kwa urefu kwasababu ndo sehemu bora ya darasa lote. Mwisho wa 2018 Rais Trump alitaka dola bilioni 5.7 za ukuta. Hazikupita Seneti, na Januari Wawakilishi wakawa chini ya Democrats, chama cha wapinzani wake, ambao walikuwa hawataki kabisa kuzisikia, na Trump naye akasema hasaini bajeti isiyo na hiyo hela. Sheria ya matumizi ikaisha muda bila nyingine kupita, basi sehemu ya serikali ikafungwa kuanzia Desemba 22 mpaka Januari 25, 2019, siku 35. Wafanyakazi kama 800,000 ama wakarudishwa nyumbani ama wakafanya kazi bila mshahara. Mi hapo nilishindwa kuendelea kuandika nikawa nawafikiria, mtu yuko uwanja wa ndege anakagua mizigo ya watu asubuhi mpaka jioni na mshahara hauingii, na hajakosea chochote, ni wakubwa wawili wanavutana na yeye ndo kamba. Yule askari mstaafu akasema na kodi ya nyumba haisubiri. Darasa likanyamaza kidogo.

Mwisho Bunge likatoa dola bilioni 1.375, siyo 5.7. Trump akasaini Februari 15, na siku ile ile akatangaza hali ya dharura ya kitaifa, ambayo kwa sheria yao inamfungulia mlango wa kuchukua hela zilizopitishwa kwa ajili ya majengo ya jeshi, dola bilioni 3.6, azipeleke kwenye ukuta. Yaani kwa lugha ya ofisini kwetu ni kuhamisha hela kutoka kifungu kimoja kwenda kingine baada ya kuambiwa hicho kingine hatukipi zaidi ya hapa. Nilinyoosha mkono nikauliza mwalimu, hii inaruhusiwa? Akasema swali zuri dada yangu, ngoja tuone Bunge lilifanyaje.

Bunge likapitisha azimio la kuifuta ile dharura. Wawakilishi 245 kwa 182, Seneti 59 kwa 41, na maseneta 12 wa chama cha Trump mwenyewe wakapiga pamoja na wapinzani. Unaona sasa limeshinda. Azimio likaenda kwa Trump Machi, akalikataa, ikawa ndo kura yake ya kwanza ya turufu. Likarudi Wawakilishi, wakapata 248 kwa 181, na kwa idadi ya waliopiga siku ile walihitaji 286. Wamepungukiwa 38. Tukatoka pale tukarudi kwenye bakuli letu jekundu moja kwa moja. Na Septemba mwaka ule ule wakajaribu tena, tena akakataa, tena wakashindwa kumpindua. Ile dharura haikufutwa na Bunge, ilifutwa na Biden siku anaapishwa, Januari 20, 2021.

Sasa hapa mwalimu alifanya kitu ambacho kwangu kinatosha kulipa hiyo elfu sitini yote. Alituuliza kwanini azimio la kumdhibiti Rais lipelekwe kwa Rais huyo huyo ili alisaini? Hakuna aliyejibu. Akasema kuna mtu wa Afrika Mashariki kwenye hiki kisa.

Anaitwa Jagdish Rai Chadha, mzaliwa wa Kenya mwenye asili ya India, ana pasi ya Uingereza, alienda Marekani kusoma chuo kule Ohio. Viza ya masomo ikaisha, Uingereza na Kenya zote hazikuwa na nafasi ya kumpokea kirahisi, akaomba abaki. Jaji wa uhamiaji akamkubalia, upande wa serikali ukasimamisha asifukuzwe. Ila sheria ya wakati ule ilikuwa inaruhusu baraza moja tu la Bunge kutengua uamuzi kama huo, bila baraza lingine na bila Rais. Desemba 1975 Wawakilishi wakalitoa jina lake pamoja na wengine watano, hawa waondoke. Chadha akaenda mahakamani, kesi ikafika Mahakama ya juu kabisa ya Marekani, na 1983 majaji 7 kwa 2 wakasema hapana, Bunge likitaka kubadili haki za mtu lipite njia yake ya kutunga sheria, mabaraza yote mawili halafu mezani kwa Rais. Hakuna njia ya mkato.

Chadha akabaki, na mi nilifurahi kweli kwa ajili yake, mtu asiye na nchi ya kumpokea akashinda Bunge zima. Ila ule uamuzi uliua kwa mpigo mmoja utaratibu uliokuwa kwenye sheria nyingi sana, ikiwemo ile sheria ya dharura ya 1976, ambayo mwanzo iliruhusu mabaraza mawili yaifute dharura ya Rais bila kumuomba saini. Ikabidi irekebishwe 1985, ndo azimio likaanza kupita kwa Rais, naye anaweza kulikataa, kwahiyo kufuta dharura kukahama kutoka nusu ya kura kwenda theluthi mbili. Yaani kesi ya kijana aliyetoka Kenya miaka ya sabini ndo imekuja kuamua hesabu ya ukuta wa 2019. Nimesoma digrii miaka miwili hakuna aliyewahi kuniunganishia vitu hivi viwili.

Mwishoni mwa Jumamosi ya tatu tukageuza upande wa pili, Bunge limetoa hela halafu Rais hataki kuitumia. Hii nayo tunaijua, kifungu kina hela ila hela haitoki. Rais Nixon alifanya hivyo sana mwanzoni mwa miaka ya sabini, anazuia hela za miradi ambayo Bunge limeshapitisha, mpaka 1974 Bunge likatunga sheria kwamba Rais akitaka kuifuta hela iliyopitishwa aje aombe, asipokubaliwa ndani ya siku 45 za vikao aiachie. Na mkaguzi wao wa Bunge, GAO, ambaye yuko tangu 1921, akapewa kazi ya kuangalia. Ndo huyu aliyesema Januari 2020 kwamba serikali ya Trump ilipoizuia hela ya msaada wa kijeshi wa Ukraine mwaka uliotangulia ilivunja ile sheria. Mwalimu alikuwa mwangalifu hapa kutuambia GAO anaandika na kusema, ila hana askari, akishasema bado lazima atokee mtu wa kulishika lile neno alifanyie kazi.

Kwenye uteuzi alienda haraka ila vizuri. Kitu ambacho kwa mtu wa Dodoma kinashangaza ni kwamba waziri wa Marekani haruhusiwi kuwa mbunge. Hapa tumezoea mawaziri wamekaa bungeni wanajibu maswali na wenyewe ni wabunge wa majimbo yao, msafara unapita mjini unajua tu Bunge limeanza. Kule ukiteuliwa waziri unaachia kiti, Hillary Clinton aliachia useneta 2009 ndo akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Na kabla hujakaa lazima Seneti ikupitishe. John Tower mwenyewe alikuwa seneta wa miaka mingi, Bush mkubwa akamteua Waziri wa Ulinzi 1989, wenzake wa zamani wakamkataa 53 kwa 47. Na kuna kukataa kwa kunyamaza, hii ilinigusa zaidi: Machi 2016 Obama alimteua Merrick Garland kuwa jaji wa Mahakama ya juu, viongozi wa Seneti hawakumpigia kura ya hapana, hawakumuita hata kwenye kikao cha kamati, wakakaa naye mpaka mwaka ukaisha na Obama akaondoka. Katiba inasema Rais atateua kwa ushauri na ridhaa ya Seneti, haikusema ridhaa itolewe lini. Mtihani ukija nataka niliandike hilo.

Kijana mmoja aliuliza kama Rais wa Marekani akichoshwa na Bunge anaweza kulivunja kama ilivyo kwenye katiba yetu. Mwalimu akasema hawezi kabisa. Akatukumbusha ibara yetu ya 97, Rais akikataa muswada na Bunge likaurudisha kwa theluthi mbili ya wabunge wote, ana siku 21, asaini au alivunje Bunge. Kule hana hilo la pili, muswada ukipinduliwa umeshakuwa sheria hata kama amenuna, na Bunge nalo haliwezi kumtoa kwa kutokuwa na imani naye. Wamefungiwa chumba kimoja mpaka muhula wa kila mmoja uishe. Hapo ukaelewa kwanini wanavutana mpaka serikali inafungwa, kwa sababu hakuna mwenye ufunguo wa kuita uchaguzi mpya kesho.

Sasa nyota niliyoikata.

Kitini kina makosa, na kwa sh. 2,500 na mtihani mbele yetu makosa hayavumiliki. Kimeandika Nixon aliondolewa madarakani na Bunge. Siyo. Kamati ya sheria ya Wawakilishi ilipitisha mashtaka ya kumwondoa Julai 1974, lakini kabla baraza zima halijapiga kura akajiuzulu, Agosti 9. Hakuna Rais wa Marekani aliyewahi kutolewa na Seneti mpaka leo. Walioshtakiwa na Wawakilishi ni Johnson 1868, Clinton 1998, na Trump mara mbili, 2019 na 2021, na wote Seneti haikufikisha theluthi mbili ya kuwatoa, Johnson aliponea kura moja, 35 kwa 19 na zilihitajika 36. Nilimuonyesha mwalimu wakati wa mapumziko, nilikuwa na wasiwasi atachukia maana ni mtu mzima na mi mwanafunzi, akavaa miwani akasoma, akasema umenisaidia sana, na tulivyorudi akasimama akaliambia darasa zima ukurasa wa tisa una kosa, futeni. Kwa hilo nampa heshima yake yote. Lakini kitini chenyewe wiki iliyofuata bado kilikuwa kinauzwa pale chini vile vile, na anayenunua leo hatamsikia mwalimu akisahihisha. Kosa lingine kimesema Rais ana siku 10 za kusaini muswada, hakijasema Jumapili hazihesabiwi, na hakijasema Bunge likiwa limeshaahirishwa na siku zikaisha bila saini muswada unakufa wenyewe, na hiyo ni kura ya turufu nyingine kabisa ambayo Bunge haliwezi kuipindua.

La pili ni muda. Saa nane ni saa nane na dakika arobaini. Watu tunatoka mbali, mi nabadilisha gari mara mbili na jua la Dodoma la mchana mnalijua. Kilichotokea ni kwamba Jumamosi ya sita, ambayo ilikuwa ya vita na mikataba ya kimataifa, umeme ulikatika, tukaanza saa tisa na nusu, tukapewa kwa mdomo kitu ambacho kingestahili siku mbili. Mkataba wa Versailles wa kumaliza Vita vya Kwanza vya Dunia, Rais Wilson ameenda Ulaya mwenyewe kuujadili, amerudi nao, Seneti ikaukataa Novemba 1919 na tena Machi 1920, ikapewa dakika kumi. Sheria ya vita ya 1973 iliyopitishwa juu ya katazo la Nixon, Rais akipeleka jeshi ni lazima aliarifu Bunge ndani ya saa 48 na bila idhini awarudishe ndani ya siku 60, ikapewa dakika tano, na hapo ndo nilikuwa na maswali mengi kuliko sehemu zote, maana Bunge la Marekani mara ya mwisho kutangaza vita rasmi ni 1942 na wote tunajua hawajakaa bila vita tangu hapo. Swali la mhadhiri wangu linarudi pale pale, Rais akipeleka bila kuuliza mwenzie anafanyaje? Anaweza kukata hela, na je nani atapiga kura ya kukata hela wakati vijana wa jimbo lake wako vitani? Nilitaka sana kumsikia mwalimu hapo.

Nimemuomba arudie ile ya vita, akasema akipata watu wanane atafungua Jumamosi moja ya ziada kwa sh. 8,000. Mpaka jana jioni kwenye grupu tulikuwa sita, na mama wa zabibu alikuwa wa kwanza kulipa.

Ukitaka kwenda, kibao hakionekani barabarani, ulizia duka la steshenari lenye mashine mbili za fotokopi nje, ngazi ziko nyuma. Beba maji. Kitini nunua lakini ukurasa wa tisa ufute kwanza kabla hujaanza kusoma.